Springi, Emuleta au Katriji? Njia za Kuboresha Shokapu za Suzuki SV650

Wamiliki wa Suzuki SV650 wana malalamiko mawili yanayoonekana kupingana. La kwanza ni kwamba pikipiki huinama mno mbele pindi breki inaposhikwa. La pili ni kwamba pikipiki hiyo hiyo huwagonga mikononi na mgongoni kila inapopita juu ya tuta au shimo. Anayelisikia la kwanza hushauri springi ngumu zaidi, anayelisikia la pili hushauri springi laini zaidi, na mwenye pikipiki hubaki na fedha mkononi asijue aanzie wapi. Kwa maoni yangu malalamiko yote mawili yana mzizi mmoja: springi za kiwandani ni laini mno kwa mwendeshaji mwenye uzito wa kawaida, kwa hiyo shokapu hufanya kazi karibu na mwisho wa nafasi yake, na shokapu iliyokwisha nafasi ya kubonyea haiwezi tena kuitwa laini wala ngumu, kwa sababu hapo ni chuma kinachogonga chuma.

Nimeichukua SV650 kuwa mfano kwa sababu udhaifu wake unajulikana vizuri na dawa zake zimejaribiwa na watu wengi tangu ilipotoka mwaka 1999. Injini yake ya silinda mbili zilizopangwa kwa umbo la V, yenye sentimita za ujazo 645, ilisifiwa tangu mwanzo. Fremu yake ya alumini ni nyepesi na imara. Uzito wake mkavu ulitajwa kuwa kilo 165 tu. Mahali palipobaniwa matumizi ni kwenye shokapu. Za mbele zina mirija ya milimita 41 na hazina namna yoyote ya kurekebisha kutoka nje ukinzani wa mafuta, yaani jinsi mafuta ya ndani yanavyozuia mwendo wa shokapu, na ya nyuma hurekebishwa mkazo wa springi peke yake. Ninayoyaeleza yanahusu hasa vizazi viwili vya kwanza, kile cha 1999 na kile cha 2003, ingawa mwenye Kawasaki ER-6 au Ninja 650 ataona kwamba mengi yanamgusa na yeye, kwa kuwa shokapu zake za mbele ni za ukoo ule ule.

Tufanye hesabu kidogo, maana bila hesabu mjadala huu hugeuka kuwa ushabiki wa majina ya kampuni. Tuchukue mwendeshaji wa kilo 85 pamoja na mavazi yake, juu ya pikipiki yenye kilo 190 ikiwa imejaa petroli. Ukiondoa uzito wa gurudumu, breki na vitu vingine visivyobebwa na springi, na ukizingatia kwamba shokapu zimelala kidogo badala ya kusimama wima, mzigo unaozielemea springi mbili za mbele ni takriban kilo 100. Springi za kiwandani hukadiriwa kuwa na ugumu wa karibu kilo 0.7 kwa kila milimita, yaani 1.4 kwa zote mbili. Zikiwa zimekazwa milimita 20 tangu mwanzo, zitabonyea milimita 51 kwa kumbeba tu mtu aliyetulia. Springi za 0.9, kwa mkazo ule ule, zitabonyea milimita 36. Mtu akishika breki kwa nguvu, mzigo wa mbele unaweza kupita kilo 200, na hapo springi za 0.7 zinataka milimita 123, ilhali nafasi yote iliyopo ni kati ya milimita 125 na 130. Springi za 0.9 zinataka 91. Hesabu hii ni ya makadirio, kwa sababu haijaingiza hewa inayobanwa juu ya mafuta, ambayo husaidia, wala nguvu ya breki yenyewe inayozidi kuisukuma shokapu ndani, ambayo hudhuru. Hata hivyo, inatosha kuonyesha kwa nini tuta lililokutana na pikipiki iliyo kwenye breki huhisiwa kama nyundo.

Hapa ndipo wengi hukosea kwa kukaza springi ya kiwandani hadi mwisho wakidhani wameifanya ngumu. Kuikaza springi hakubadilishi ugumu wake; kunachobadilisha ni kimo ambacho pikipiki hukaa. Springi ya 0.7 itabaki ya 0.7 hata ikikazwa kwa milimita 30, ila sasa pikipiki itakaa juu zaidi, itakosa nafasi ya kushuka gurudumu linapoingia kwenye shimo, na bado itafika mwisho kwenye breki kali.

Kabla ya kununua chochote

Vipo vipimo na ukaguzi ambao gharama yake ni ndogo, na sitakaa navyo sana. Hakikisha upepo wa matairi ni sahihi, beringi za usukani hazina mikwaruzo wala ulegevu, sili za mafuta hazivuji, na mafuta ya shokapu za mbele yamebadilishwa. Mafuta yaliyokaa miaka kumi hutoka yakiwa ya kijivu na yenye harufu mbaya, na mtu anaweza kudhani shokapu imekufa kumbe ni uchafu. Kisha pima kina cha kuzama, yaani kiasi ambacho shokapu hubonyea kwa uzito inaoubeba, ambacho ni tofauti kati ya vipimo viwili vifuatavyo. Inua gurudumu hadi liache ardhi na upime urefu wa mrija unaoonekana. Shusha, mwendeshaji akae akiwa na mavazi yake yote, msaidizi mmoja ashike pikipiki na mwingine apime tena. Kwa kuwa msuguano hudanganya, pima mara mbili, mara moja baada ya kubonyeza na kuacha irudi polepole, mara ya pili baada ya kuinua na kuacha ishuke polepole, na uchukue wastani. Kwa barabara za kawaida, mbele panatakiwa pazame takriban milimita 30 hadi 40 na nyuma 30 hadi 35. Nyuma pikipiki ikiwa peke yake bila mtu izame milimita 5 hadi 10. Ikihitaji kukazwa sana mpaka isizame kabisa, springi hiyo ni laini kwako.

Jambo jingine la bei ndogo, ambalo nashangaa halitajwi mara nyingi, ni tairi la mbele. Vizazi hivi viwili vilitoka na tairi la 120/60, ambalo ukuta wake una kimo cha milimita 72. Tairi la 120/70 lina ukuta wa milimita 84, na hizo milimita 12 za mpira na hewa ni kinga ya ziada ya rimu dhidi ya mashimo. Usukani utakuwa mzito kidogo kuingia kwenye kona, na kwa anayeendesha Nairobi au Dar es Salaam, ambako tuta hutokea pasipo kibao, mimi ningesema apokee uzito huo kwa shukrani.

Mbele: njia nne

Njia ya kwanza ni kubadilisha springi na mafuta peke yake. Ni ya bei ya chini, haihitaji kutoboa wala kukata chochote isipokuwa bomba fupi linalokaa juu ya springi, na fundi makini huimaliza kwa nusu siku. Kwa SV650, waendeshaji wa kilo 70 hadi 75 kwa kawaida huchagua 0.85, wa kilo 85 huchagua 0.9, na wenye mwili mkubwa zaidi hufika 0.95 au 1.0. Dukani utakuta pia springi ambazo koili zake zimesogeleana upande mmoja, zinazoanza laini na kuwa ngumu kadiri zinavyobonyea. Huvutia kwa raha ya mwanzo, lakini mafuta yanayozidhibiti hayawezi kufaa sehemu laini na sehemu ngumu kwa wakati mmoja, kwa hiyo mimi huchagua springi yenye ugumu mmoja. Kasoro ya njia hii ni kwamba inatibu nusu ya ugonjwa. Ndani ya shokapu hizi mafuta hupita kwenye matundu yasiyobadilika ukubwa, na ukinzani wa mafuta kwenye tundu la namna hiyo hukua kwa mraba wa mwendo: mwendo ukiwa mara mbili, ukinzani huwa mara nne. Ndiyo maana shokapu hii huwa legevu pikipiki inapoinama polepole kwenye breki, kisha hukakamaa ghafla gurudumu linapopiga ukingo mkali wa shimo.

Watu hujaribu kuiponya hali hiyo kwa mafuta mazito. Nami nilijaribu, nilitoka kwenye mafuta ya 10 hadi ya 20, na kwa siku mbili nilifurahia jinsi mbele palivyotulia kwenye breki, hadi nilipopita kwenye lami iliyokatwa kwa ajili ya bomba la maji na kuhisi viganja vikifa ganzi. Mafuta mazito huongeza ukinzani kila mahali, hata pale ulipokuwa umezidi tayari. Isitoshe, namba hizo hazilingani kati ya kampuni na kampuni: mafuta ya 10 ya huyu yanaweza kuwa mepesi kuliko ya 7.5 ya yule, na kipimo cha kuaminika ni mnato wake kwa nyuzi 40 za Selsiasi, ambao huandikwa kwenye karatasi ya maelezo ya bidhaa. Usichanganye kopo la kampuni moja na la nyingine ukadhani umepata wastani.

Njia ya pili ni springi pamoja na emuleta, na kwa maoni yangu hapa ndipo fedha kidogo hufanya kazi kubwa zaidi. Emuleta ni vali ndogo inayokaa juu ya fimbo ya ndani, ile yenye matundu ya mafuta, na kubanwa mahali pake na springi kuu. Zilizoenea zaidi ni za Race Tech ya California. Matundu ya zamani ya upande wa kubonyea hupanuliwa kwa keekee hadi yawe sita ya milimita 8, kiasi kwamba hayazuii chochote tena, na kazi ya kuzuia huhamia kwenye vali. Vali hiyo ina tundu dogo la mwendo wa polepole na kisahani kinachoshikwa na springi yake ndogo; mshtuko mkali ukija, kisahani hufunguka na kuachia mafuta yapite. Matokeo yake ni kinyume cha tabia ya awali: pikipiki hujizuia kwenye breki, na kwenye shimo hulegea.

Haina maana kwamba emuleta haina dosari. Inashughulikia kubonyea tu. Kurudi kwa shokapu bado kunategemea matundu ya zamani na unene wa mafuta, ndiyo sababu watengenezaji hupendekeza mafuta mazito kiasi, aghalabu ya 15. Ukitaka kubadilisha mkazo wa kisahani, lazima ufungue kifuniko cha juu, utoe springi, uinyanyue vali kwa sumaku au waya, uzungushe nati robo au nusu mzunguko, kisha urudishe kila kitu. Si jambo la kufanya kando ya barabara. Na fimbo iliyokwisha kutobolewa haitoboleki kinyume, kwa hiyo anayetaka kurudi kwenye hali ya kiwandani atanunua fimbo nyingine. Bomba la juu ya springi nalo lazima likatwe kwa kupunguza kimo cha emuleta, la sivyo springi itakazwa kupita kiasi na mwenye pikipiki atailaumu vali kwa kosa la msumeno.

Njia ya tatu ni katriji kamili. Hapa vitu vyote vya ndani hutolewa, na ndani ya mirija ile ile huingizwa mfumo wenye pistoni na visahani vyembamba vinavyopinda, ambavyo hufanya ukinzani ukue kwa uwiano wa karibu na mwendo badala ya mraba wake. Andreani ya Italia, K-Tech ya Uingereza na Öhlins ya Sweden ni baadhi ya wanaotengeneza vifaa vya namna hii, ingawa ni lazima uhakikishe kwamba toleo wanalouza linafaa mwaka wa pikipiki yako. Mara nyingi mguu mmoja hushughulikia kubonyea na mwingine kurudi, na vyote viwili hurekebishwa kwa bisibisi au kwa mkono ukiwa juu ya kifuniko. Bei hupita ile ya springi na emuleta kwa mara mbili hadi tatu, na faida iliyo wazi zaidi, kuliko hata ulaini wa mwendo, ni udhibiti wa kurudi. Pikipiki inapotoka kwenye breki na kuingia kwenye kona, mbele hapainuki kwa kasi wala hapachelewi, na mwendeshaji wa uwanja wa mashindano hupata hapo imani ambayo emuleta haimpi kwa ukamilifu. Anayeendesha kwenda kazini na kurudi, na safari ndefu mara moja kwa mwezi, ataihisi tofauti hiyo wiki ya kwanza, kisha ataisahau.

Njia ya nne ni kuondoa sehemu yote ya mbele na kufunga ya Suzuki GSX-R. Ni njia yenye mvuto, nikiri, kwa sababu picha zake hupendeza: shokapu nene zilizopinduliwa, na kama zimetoka kwenye GSX-R1000 ya 2003 au GSX-R600 na 750 za 2004 na kuendelea, kalipa za breki zilizofungwa kwa mtindo wa mashindano. Lakini linganisha orodha ya mahitaji. Utahitaji shokapu zenyewe, mabano ya juu na ya chini yanayoshika mirija, mhimili wa usukani unaolingana na beringi zako, gurudumu, ekseli, diski za breki, kalipa, mara nyingi na pampu ya breki, kisha usukani wa vipande viwili usiogonga tangi. Shokapu hizo ni fupi kuliko za SV, hivyo mbele panashuka na usukani unakuwa mwepesi kugeuka; inafaa ukijua unachofanya, na inatisha usipojua. Na bado springi zake zilichaguliwa kwa pikipiki nyingine. Anayezinunua kutoka kwenye pikipiki iliyopata ajali anunue na uhakika kwamba mirija haijapinda: iviringishe juu ya kioo kinene, maana jicho halioni pindo la nusu milimita.

Nyuma: yake mwenyewe au ya jirani

Shokapu ya nyuma ya kiwandani ina ngazi saba za mkazo na basi. Haikutengenezwa ili ifunguliwe na kuhudumiwa, na baada ya kilomita elfu thelathini au arobaini mafuta yake huwa yamechoka. Dalili ni rahisi: bonyeza kiti kwa nguvu na uachie, kikipanda, kikapita mahali pake na kurudi tena, ukinzani wa kurudi umekwisha.

Wenye kipato kidogo huchukua shokapu iliyotumika kutoka GSX-R au pikipiki nyingine kubwa, kwa kuwa ina marekebisho ya kubonyea na kurudi na huuzwa kwa bei ndogo. Nimeona zilizofanikiwa, na nimeona zilizofungwa kwa mabavu. Pima mambo manne kabla ya kulipa: urefu kutoka tundu la bolti la juu hadi la chini, urefu wa kubonyea, umbo la ncha ya chini, na mahali kopo la nje la mafuta, kama shokapu inalo, litakapokaa bila kugusa betri au bomba la moshi. Urefu ndio wenye hila zaidi, kwa sababu mikono ya kiungo inayounganisha shokapu na gurudumu la nyuma huzidisha mwendo. Milimita moja kwenye shokapu huwa zaidi ya mbili kwenye ekseli, na shokapu iliyozidi milimita 8 inaweza kuinua mkia kiasi cha kuifanya pikipiki isitulie kwenye mwendo mkubwa. Namba ya springi nayo haihamishiki moja kwa moja, maana kila pikipiki ina uwiano wake wa kiungo. Tena shokapu iliyotumika huenda nayo inahitaji huduma, yaani sili, mafuta na naitrojeni ya takriban bar 10. Naitrojeni ya matairi hupatikana kwenye vituo vingi vya mafuta, lakini shinikizo hilo na sindano yake si vitu vya kila gereji.

Shokapu mpya iliyoagizwa kwa uzito wako ni jambo jingine kabisa. Hagon na Nitron za Uingereza, Wilbers ya Ujerumani, YSS ya Thailand na Öhlins hutofautiana sana kwa bei, ila hata ya bei nafuu kati yake, ikija na springi sahihi na marekebisho ya kurudi, huipita ya kiwandani kwa mbali. Unapoagiza, taja uzito wako ukiwa umevaa, na useme kweli kuhusu abiria. Anayebeba mke au rafiki kila wiki alipie kirekebisho cha mkazo kinachozungushwa kwa mkono. Anayekwenda peke yake asikilipie, bali fedha hiyo aiweke kwenye kirekebisho cha urefu, kitakachomsaidia kusawazisha kimo cha nyuma na cha mbele baada ya springi mpya kupainua mbele.

Ukilazimika kuchagua upande mmoja kwanza, fuata kipimo na si mazoea. Ushauri wa kawaida ni kuanza mbele, na kwa mtu wa kilo 85 kwenye SV650 huwa sahihi. Lakini pikipiki yenye kilomita elfu hamsini, ambayo nyuma inaruka kama mtumbwi kwenye wimbi, ianzie nyuma, kwa kuwa mwendo wa nyuma usiodhibitiwa huhisiwa mbele na kumfanya mtu anunue katriji asizozihitaji.

Pikipiki yangu ina springi za 0.9, emuleta zilizokazwa mizunguko miwili, mafuta ya 15, na shokapu mpya ya nyuma ya bei ya kati isiyo na kopo la nje. Mirija ya mbele nimeipandisha milimita 5 ndani ya mabano ili kurudisha wepesi wa usukani uliopungua kwa sababu ya tairi la 120/70. Katriji nimeziulizia bei mara tatu, na mara zote tatu fedha imeishia kwenye matairi.